Joto Kabla ya Maziwa

Mtoto wa mbwa anapokutwa asubuhi amelegea, kilio kimefifia na mdomo haushiki titi, karibu kila mwenye nyumba hufikia uamuzi mmoja: ana njaa. Maziwa hupashwa, bomba la sindano hutafutwa, na mtoto hunyweshwa kwa nguvu. Mara nyingi hufa kabla jua halijatua, kisha lawama zikaangukia maziwa, mama yake, ukoo wake au jicho la jirani. Sura hii inatetea maelezo mengine. Kwa mbwa wa jamii ndogo, yaani Chihuahua, Yorkshire Terrier, Maltese, Pomeranian, Shih Tzu na wenzao ambao siku hizi wanafugwa ndani ya nyumba Nairobi, Dar es Salaam na Arusha, njaa kwa kawaida ni tatizo la pili. Linalotangulia ni baridi, na kumnywesha mtoto aliyepoa ni kumharakishia kifo. Kosa hilo lina ndugu yake upande wa mama, nalo tutalifikia. Yote mawili yanatokana na imani ileile kwamba kulea ni kulisha.

Ushahidi wa kwanza uko mwilini. Mbwa mzima ana joto la nyuzi 38 hadi 39 hivi, lakini mtoto wake katika wiki ya kwanza hukaa kwenye nyuzi 35 hadi 37, na hata hizo hazitengenezi peke yake. Anazipata kwa mama, kwa ndugu zake na kwa matandiko. Hawezi kutetemeka ili ajipashe, maana uwezo huo huanza kujitokeza karibu na mwisho wa wiki ya kwanza, na uwezo kamili wa kudhibiti joto lake haupati mpaka wiki ya nne au zaidi. Mafuta chini ya ngozi ni haba mno. Sukari iliyowekwa akiba kwenye ini ni ya saa chache, na asiponyonya siku ya kwanza inakwisha. Hayo yanawahusu mbwa wote, lakini kwa jamii ndogo kuna hesabu ya ziada. Mtoto wa Chihuahua huzaliwa na gramu 100 hivi, pengine pungufu, ilhali wa German Shepherd hukaribia gramu 500. Kadiri mwili unavyokuwa mdogo, ndivyo uzito unavyopungua haraka kuliko eneo la ngozi. Ukipiga hesabu, kila gramu ya yule wa gramu 100 imezungukwa na ngozi zaidi kwa takriban asilimia 70 kuliko kila gramu ya mwenzake wa gramu 500, na joto hupotea kwa njia ya ngozi. Tena huzaliwa amelowa, na maji yanapokauka mgongoni yanaondoka na joto lake.

Sasa tazama kinachotokea joto likishuka chini ya nyuzi 35. Moyo hupunguza mapigo, hamu ya kunyonya huondoka na utumbo huacha kusukuma. Maziwa yanayoingizwa wakati huo hayasagwi. Hukaa tumboni yakachacha, tumbo likavimba, au yakarudi juu na kuingia kwenye mapafu, kwa kuwa hata uwezo wa kumeza umedhoofu. Ndiyo maana madaktari wa mifugo hukataza kabisa kumlisha mtoto aliyepoa. Kwanza apashwe, tena polepole, kwa muda wa saa moja hadi tatu, akiwa amewekwa kifuani kwa mtu chini ya nguo, au jirani na chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwenye kanga. Kumtumbukiza kwenye maji ya moto au kumbananisha na jiko ni kumuumiza, kwa sababu ngozi inapashika upesi huku moyo ukiwa bado umepoa. Akishapata joto na kuanza kutafuta titi mwenyewe, maziwa yana maana.

Hapa pia linafumbuka jambo ambalo wafugaji wengi hulitafsiri vibaya. Mama humsukumia pembeni mtoto aliyepoa, na watu husema amemkataa kwa kuwa anajua ana kasoro. Mara nyingine ni kweli. Mtoto aliyezaliwa na kaakaa lililopasuka hatanyonya vizuri hata apashwe vipi. Lakini aghalabu mama hamsikii tena. Mtoto aliyepoa hajongei wala halii kama inavyotakiwa, na mama huongozwa na mjongeo, kilio na joto. Wapo waliosukumwa pembeni, wakapashwa, wakarudishwa na kupokewa. Kuna pia virusi vya herpesi ya mbwa, ambavyo kwa mbwa mzima huleta mafua mepesi au visionekane kabisa, lakini kwa mtoto wa chini ya wiki tatu huua. Virusi hivi huzaana vizuri zaidi kwenye joto lililo chini kidogo ya lile la mbwa mzima, na hilo ndilo joto la mtoto mchanga. Sidai kwamba boksi lenye joto linatibu herpesi. Nadai tu kwamba mtoto anayekaa na baridi amemrahisishia adui kazi.

Pingamizi la kwanza linalosikika huku kwetu ni kwamba nchi zetu ni za joto, na maelekezo ya taa na mablanketi ya umeme yaliandikwa kwa ajili ya Ulaya. Namba hazikubaliani na hilo. Mahali wanapolala watoto katika wiki ya kwanza panatakiwa nyuzi 29 hadi 32, kisha joto lipunguzwe kidogo kidogo hadi nyuzi 26 hivi kufikia wiki ya nne. Nairobi, usiku wa Julai hushuka hadi nyuzi 11 au 12. Njombe na Mbeya hushuka zaidi. Hata Dar es Salaam, katika usiku wa Februari ambao watu hulala wakilalamika, kipimajoto husoma nyuzi 25 hivi, na Julai chini ya hapo. Ni vigumu kupata mji wa Afrika Mashariki ambao usiku wake unamtosha mtoto wa gramu 100 asiye na kitu cha kumpasha. Juu ya hayo, nyumba zetu zina sakafu ya saruji au vigae, ambayo hunyonya joto la tumbo, na pangaboi ambalo mwenye nyumba hawezi kulala bila hilo. Joto la mchana linatudanganya: watoto huonekana wazima saa nane alasiri, wakaanza kupoa saa tisa usiku.

Suluhisho lake ni la gharama ndogo. Boksi gumu lenye kuta za kuzuia upepo, likiinuliwa kidogo kutoka sakafuni, magazeti chini na kanga kuukuu au blanketi jepesi juu, vinatosha kwa msingi. Chanzo cha joto, iwe balbu iliyofungwa mbali vya kutosha au chupa iliyofunikwa, kiwekwe upande mmoja tu, ili mwenye kuzidiwa aweze kujivuta upande wa pili na mama apate pa kupumzika, kwa sababu joto linalomfaa mtoto humtesa mama. Kipimajoto cha ukutani kilazwe usawa wa watoto, si ukutani. Watoto wenyewe nao ni kipimo kizuri: wakirundikana na kulia wana baridi; wakitawanyika kila mmoja kona yake, midomo wazi, joto limezidi, na joto lililozidi huua vilevile kwa kuwakausha maji. Jiko la mkaa lisiingizwe chumbani kabisa. Kaboni monoksaidi inayotoka humo haina harufu, hujaa kwenye chumba kilichofungwa, na huua mbwa na binadamu pamoja.

Pingamizi la pili lina nguvu zaidi. Mbwa koko huzaa chini ya toroli, kwenye mtaro au nyuma ya bucha, hana kipimajoto wala daktari, na miezi miwili baadaye tunawaona watoto wake wakicheza barabarani. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, basi tumwachie mama. Kwanza, tunawaona waliopona. Waliokufa hawachezi barabarani. Utafiti uliofanyika Bengali Magharibi, India, na kuchapishwa mwaka 2016 ulifuatilia watoto 364 wa mbwa wa mitaani, na waliofikia umri wa kuzaa walikuwa asilimia 19 tu. Ni haki kuongeza kwamba sehemu kubwa ya vifo vile ilisababishwa na binadamu, wala si baridi, kwa hiyo takwimu hiyo haithibitishi hoja yangu moja kwa moja. Inathibitisha tu kwamba macho ya mpita njia si ushahidi. Pili, mbwa wa mtaani ana mwili mkubwa mara kadhaa kuliko Chihuahua, watoto wake ni wazito zaidi, na ukoo wake umechujwa kwa vizazi vingi: jike aliyeshindwa kuzaa au kulea hakuacha wajukuu. Jamii ndogo zilichujwa na binadamu kwa kigezo cha uso, manyoya na udogo. Mama wa Chihuahua anajua kulamba, kukata kitovu na kukunja mwili kuwazunguka wanawe. Asichoweza ni kuwa na mwili wa kilo 15. Pengo hilo tulilichimba sisi, na ni juu yetu kulijaza.

Baada ya joto, chombo cha pili kwa umuhimu ni mzani wa jikoni unaosoma gramu moja moja. Mtoto hupimwa anapozaliwa, kisha kila siku saa ileile, na uzito huandikwa. Anaweza kupungua kidogo siku ya kwanza. Baada ya hapo anatarajiwa kuongeza asilimia 5 hadi 10 ya uzito wake wa kuzaliwa kila siku, na kufikia maradufu kati ya siku ya 7 na ya 10. Kwa mtoto wa gramu 100 hiyo ni gramu 5 hadi 10 kwa siku, kiasi ambacho hakuna jicho wala kiganja kinachoweza kukitambua. Watafiti wa shule ya tiba ya mifugo ya Toulouse, Ufaransa, wameonyesha kwamba uzito wa kuzaliwa na mwenendo wa uzito katika siku mbili za kwanza ndivyo vinavyohusiana sana na nani atakufa. Mtoto husimama kuongezeka kabla hajalegea, na saa zilizo kati ya mambo hayo mawili ndizo nafasi ya kumwokoa. Nchini Norway, uchunguzi wa kumbukumbu za mwaka 2006 na 2007 za chama cha wafugaji wa mbwa ulihusisha uzazi 10,810 wa jamii 224. Wastani ulikuwa watoto 5.4 kwa uzazi mmoja, kwa jamii ndogo kabisa 3.5, na asilimia 8 ya watoto wote walizaliwa wafu au walikufa kabla ya kutimiza wiki. Hiyo ni nchi yenye nyumba zilizopashwa na madaktari karibu. Na mwenye kuzaliwa watoto watatu akipoteza mmoja amepoteza theluthi.

Sisemi kwamba maziwa hayana kazi. Dang'a, maziwa ya kwanza ya mama, ni chanjo ya awali: kondo la mbwa hupitisha sehemu ndogo tu ya kingamwili, na utumbo wa mtoto hufunga mlango wake ndani ya saa 24 hivi, huku saa za mwanzo zikiwa ndizo zenye faida kubwa. Lakini hata hapa joto linatangulia, maana aliyepoa hanyonyi, na saa hizo hazirudi. Mama akikosa maziwa au akifa, jambo la kwanza kulikwepa ni maziwa ya ng'ombe matupu. Yana protini na mafuta asilimia 3 na ushei kila kimoja, wakati ya mbwa yana protini karibu 8 na mafuta karibu 9, na sukari yake ni kidogo kuliko ya ng'ombe. Mtoto angelazimika kunywa zaidi ya maradufu ili apate kilekile, tumbo lisingebeba, na sukari ya ziada ingemharisha. Maziwa ya mbuzi, yanayosifiwa sana, yana upungufu uleule. Yatafutwe maziwa ya unga ya watoto wa mbwa, anyweshwe kila baada ya saa mbili au tatu akiwa amelala kifudifudi kama anavyonyonya, si chali kama mtoto wa binadamu, kisha afutwe sehemu za haja kwa pamba yenye maji ya uvuguvugu. Kabla ya wiki tatu hivi hawezi kukojoa wala kunya bila kuchokozwa. Mama hufanya hivyo kwa ulimi.

Tugeuke kwa mama. Chukua jike wa kilo 2.5 aliyezaa watoto wanne wa gramu 100: amebeba asilimia 16 ya uzito wake, sawa na mwanamke wa kilo 60 kuzaa watoto wenye jumla ya kilo 9.6. Wiki ya tatu na ya nne ya kunyonyesha huhitaji chakula mara mbili hadi nne ya kawaida yake. Ni wakati huo, watoto wakiwa wamenona na mwenye nyumba ameshapumua, ndipo kalsiamu ya damu yake inapoweza kuanguka. Huanza kwa kuhema bila sababu, kutotulia, kutembea amekakamaa na kuacha watoto. Misuli hutetemeka, joto hupanda kupita nyuzi 40, kisha degedege na kifo, pengine ndani ya saa chache. Ugonjwa huu huwapata zaidi jamii ndogo zenye watoto wengi. Tiba ni kalsiamu inayoingizwa polepole kwenye mshipa na daktari anayesikiliza moyo, na watoto kuondolewa kwa mama kwa saa 24 hivi wakilishwa kando. Hakuna dawa ya nyumbani kwa mbwa aliye kwenye degedege. Kumtilia kitu mdomoni ni kumpalia.

Hapa ndipo lilipo lile kosa ndugu. Mfugaji akisikia kalsiamu, hununua vidonge na kumpa jike tangu mimba ichanganye, kwa nia njema kabisa. Matokeo yake ni kinyume. Kalsiamu hutolewa mifupani kwa amri ya homoni ya tezi ndogo zilizo shingoni, na tezi hizo zikiona damu imejaa kalsiamu kila siku, hulala. Siku maziwa yanapodai ghafla, haziwezi kuamka kwa kasi inayotakiwa. Mtu anaweza kujibu, na ana haki, kwamba ushauri huu unafaa kwa mbwa wanaokula chakula cha dukani, ilhali wengi wetu hulisha ugali, mapupu na mchuzi, vyakula vyenye kalsiamu kidogo mno. Ni kweli, na mlo huo nao humsogeza mama kwenye hatari ileile. Dawa yake ni kurekebisha mlo wote, wala si kupachika kidonge juu ya mlo mbovu: chakula cha watoto wa mbwa katika wiki tatu za mwisho za mimba na muda wote wa kunyonyesha, au pale kisipopatikana, nyama na mayai pamoja na dagaa wasio na chumvi wanaoliwa na mifupa yao, kidogo kidogo mara nne au tano kwa siku kwa kuwa tumbo ni dogo. Vidonge viamuliwe na daktari, tena baada ya kuzaa.

Kuhusu kuzaa kwenyewe nitasema machache, maana ni kazi ya daktari zaidi kuliko ya mfugaji. Mimba ni siku 63 hivi. Joto la mama likishuka chini ya nyuzi 37.2, uzazi kwa kawaida uko ndani ya saa 24. Ndiyo sababu nyingine ya kuwa na kipimajoto, safari hii cha njia ya haja kubwa. Akisukuma kwa nguvu nusu saa bila mtoto kutoka, au zikapita saa mbili huku bado kuna mtoto tumboni, au ukatoka uchafu wa kijani kabla ya mtoto wa kwanza, safari ya kwa daktari ianze wakati huohuo. Jamii ndogo zina vichwa vikubwa na nyonga nyembamba, na mimba ya mtoto mmoja huweza kumfanya awe mkubwa kupita njia. Sindano ya oksitosini inayochomwa na yeyote mwenye mkoba wa dawa, bila kujua kama njia imezibwa, inaweza kupasua kizazi.

Macho hufunguka kati ya siku ya 10 na ya 14, na hapo hatari hubadilika sura. Minyoo ya mbwa hupita kwenye kondo na kwenye maziwa, kwa hiyo dawa huanza wiki ya pili na kurudiwa kila wiki mbili, pia kwa sababu mnyoo huo huwadhuru watoto wa binadamu. Viroboto na kupe wanaweza kumaliza damu ya mwili wa gramu 200, lakini dawa ya kuogeshea ng'ombe itaua mtoto kabla haijaua kupe. Waondolewe kwa chanuo na kwa mkono. Chanjo huanza wiki ya sita hadi ya nane, ya kichaa cha mbwa hufuata akitimiza miezi mitatu. John Paul Scott na John L. Fuller, katika kazi yao ya Bar Harbor, Marekani, iliyochapishwa mwaka 1965 na kuhusisha jamii tano, mojawapo Basenji mwenye asili ya Kongo, walionyesha kwamba tabia ya mbwa kwa binadamu hujengwa kati ya wiki ya tatu na ya kumi na mbili hivi. Anayemuuza mtoto wa wiki tano kwa sababu ameanza kula anauza mbwa mwoga.

Limebaki pingamizi la gharama, na sitalipuuza. Mzani, kipimajoto, boksi na balbu havizidi bei ya kumpandishia jike, na bei ya mtoto mmoja huvirudisha. Kinachogharimu ni upasuaji wa usiku na kalsiamu ya mshipani, ambavyo mwenye jike mdogo anapaswa kuvihesabu kabla dume hajaletwa. Kama hakuna daktari wa mifugo anayepokea simu saa nane za usiku katika mji wako, au fedha za kumlipa hazipo, usimpandishe. Mpeleke akafungwe kizazi.